Bata hutafutwa jioni, hupigwa asubuhi

Msimu wa bata ukikaribia hapa Missouri, jimbo la Marekani, swali ninaloulizwa sana ni hili: filimbi gani ya kuitia bata ninunue? Mimi nami huuliza: jana jioni bata walikula wapi? Katika miaka yote ya kuongoza wawindaji nimeona asubuhi nyingi zikiharibika kwa sababu moja tu. Mtu alikaa mahali anapopapenda yeye, siyo wanapopapenda ndege.

Bata na bata bukini wanaoshuka kutoka Kanada wakikimbia baridi hulala majini, wakala mashambani. Saa kumi jioni utanikuta barabarani na darubini. Kundi likiinuka ziwani nalifuata kwa gari hadi litue kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa. Natazama ni kona ipi hasa ya shamba, kisha naenda kupiga hodi kwa mwenyewe. Bukini wana mazoea sana: wasiposumbuliwa hurudi shamba lile lile mpaka punje ziishe au theluji izifunike. Ila bwawani wanapolala sipigi kabisa. Ukiwafyatulia kitandani mwao wanahama, na huna tena wa kumfuata jioni.

Shamba liwe limevunwa kwa njia ya kawaida. Kumwaga punje ili kuwavuta ni kosa katika sheria ya shirikisho, na hata ukiziondoa zote, mahali pale panahesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 zaidi.

Sasa upepo. Bata hutua akiukabili, kama inavyotua ndege ya abiria. Wengi hufundishwa kukaa upepo ukiwa mgongoni, nao hufanikiwa, lakini bata anakuja uso kwa uso na maficho yako, akikagua kila jani. Mimi napendelea upepo wa ubavuni, ndege apite mbele yangu macho yake yakiwa kwingine. Bata wa bandia, wa kuwavuta ndege, nawapanga makundi mawili, katikati naacha uwazi wa ndege kutua, na wa mbali kabisa namweka mita 30 kutoka nilipo. Huyo ndiye mpaka wangu. Aliye nyuma yake simpigi. Bukini wa bandia nawaweka watano watano au sita sita, maana bukini hutembea kifamilia, wazazi na watoto wa mwaka ule. Maji yakiwa tuli kabisa, nafunga kamba kwa bata mmoja na kuivuta, mawimbi madogo yatembee. Bandia wasiotikisika huwatia ndege shaka.

Uso ufunikwe. Kundi likizunguka juu, uso ulioinuliwa hung'aa kama sahani, na ndicho kinachowafukuza kuliko rangi ya koti. Filimbi naipuliza ndege akiwa amenipa mkia au ncha ya bawa. Akishageuka kuja, nyamaza.

Tangu 1991 marisau, yaani punje ndogo za bunduki, ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini kote Marekani, kwa sababu bata waliyaokota topeni pamoja na chakula wakafa kwa sumu. Tunatumia ya chuma, ambayo ni mepesi na hupoteza nguvu mapema, kwa hiyo chagua makubwa zaidi: saizi ya namba 2 kwa bata, na BB, iliyo kubwa kuliko hiyo, kwa bukini. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu. Na aliyefikisha miaka 16 awe na stempu ya bata, kibali cha shirikisho cha kuwinda ndege wa majini, iliyoanza 1934. Fedha zake hununua na kulinda maeneo oevu, na bila hayo hatuna bata wa kuzungumzia.

Jambo ninalolikazia zaidi kwa mgeni wangu ni hili. Bata akianguka, bunduki inawekwa chini hata kama kundi jingine linashuka. Mbwa anatangulia, sisi tunafuata kwenye matete, na hatupigi mwingine mpaka yule awe mkononi.