Fomu iliyosainiwa si ridhaa ya mgonjwa

"Ridhaa ipo, ameshasaini." Wodini husemwa hivyo kana kwamba kazi imekwisha. Ridhaa ni uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, mwenye akili timamu, kukubali tiba bila kushinikizwa, baada ya kuelezwa atafanyiwa nini, kuna hatari gani na njia nyingine ni zipi. Fomu ni kumbukumbu tu ya mazungumzo hayo. Yasipofanyika, karatasi haiwezi kuyashuhudia.

Namibia jambo hili lilifika mahakamani. Wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi walipojifungua kwa upasuaji katika hospitali za serikali. Serikali ilijitetea kwa fomu, maana sahihi zao zilikuwapo. Lakini karatasi zenyewe waliletewa wakiwa na uchungu wa kuzaa, na kwenye kumbukumbu zao upasuaji uliandikwa kwa herufi tatu, BTL, kifupisho cha Kiingereza cha kufunga mirija ya uzazi. Mama anayebanwa na uchungu atajuaje kwamba herufi hizo zinamaanisha hatazaa tena? Novemba 2014 Mahakama ya Juu ilikubaliana nao: ridhaa haikuwapo.

Hapo ndipo tofauti inaponiuma. Kufunga kizazi si dharura. Aliyeletwa hajitambui baada ya ajali huokolewa kwanza, na sheria nyingi zinaruhusu. Mama wale wangeweza kuelezwa kliniki, miezi kabla, wakaenda nyumbani kufikiri, wakarudi na jibu, hata likiwa hapana.

Na lugha nayo ni sehemu ya ridhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Njia ya kujua kama ameelewa ni rahisi: "Mama, hebu nieleze kwa maneno yako, kesho tunakufanyia nini?" Akinyamaza, au akimtazama mumewe amjibie, maelezo yanaanza upya. Huyo mume, kwa kweli, hawezi kumridhia mke mtu mzima mwenye akili zake, hata akisaini kurasa zote.

Kwa hiyo, ndugu zangu wahudumu, karatasi ikirudi na sahihi, semeni "fomu imesainiwa." Kabla ya kusema ridhaa ipo, muulizeni mgonjwa mwenyewe.