El Impoluto Haizamishwi kwa Kukimbia

Vibanda vya gemu vya Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, vina ushauri mmoja kuhusu El Impoluto, meli adui ngumu ya gemu ya Assassin's Creed IV: Black Flag, na jinsi ya kuipiga kwa mota (mizinga mifupi inayorusha mabomu juu, yaangukie mbali): "El Impoluto? Fungua matanga yote, kimbia, kisha ipige mota." Jackdaw, meli yako, inazama, na anayelaumiwa ni pedi mbovu. Jamani.

Anayecheza Black Flag (ya 2013) anajua meli hizi za pembe nne za ramani haziteki mtu wala hazitekwi. Ni kuzama wewe au kuzama yeye. Usiende na bodi dhaifu ya meli. Boresha bodi, mizinga ya ubavuni na ghala la risasi nzito hadi kiwango cha juu kabisa, na michoro ya viwango hivyo itafute kwenye ramani za hazina na kwenye mabaki ya meli zilizozama. Hilo halina mjadala.

Mjadala ni mwendo. El Impoluto silaha yake kubwa ni omo (pua ya meli): inakuja kasi ikugonge. Ukifungua matanga yote, Jackdaw inakata kona kama Fuso lililojaa ndizi kwenye vichochoro vya soko la Kilombero, na ubavu wako wote unabaki wazi unapigwa. Shusha matanga hadi nusu. Sukani inakuwa nyepesi na duara la kugeukia linapungua. Isubiri. Ikishaanza kuchapuka, kata kona, amuru mabaharia wainame wajikinge, iache ipite. Ikipita tu, imekupa ubavu na tezi (sehemu ya nyuma) kwa karibu. Hapo ndipo risasi nzito zinapofanya kazi: piga bila kulenga, mkupuo baada ya mkupuo. Wengi wanazimwaga mbali, zinaishia baharini, halafu wanabaki na risasi za kawaida wanazopiga kwa kulenga. Hizo haziishi, lakini kwa meli hii zitakukesheza.

Alama nyekundu zikitokea kwenye bodi yake, zifyatulie bunduki ndogo za kuzunguka mara moja. Usizichelewe, zinafutika.

Ikikukaa nyuma, achia mapipa ya moto. Kwa adui anayekufuata kwa pupa ni dawa, na sijui kwa nini watu wanayadharau.

Mota nazo? Kwa mbali, kabla haijaanza kukimbia, sawa. Ila adui anayekuja mbio namna hii hukaa ndani ya duara lako la kulengea sekunde chache mno, ndiyo maana bado nasita kumwambia mtu amwage reale (pesa za gemu) zake huko kwanza. Mwenye mkono mwepesi anaweza kunibishia, na pengine atakuwa sahihi.

Mabaharia wa karne ya 18 wangecheka: meli za matanga zilishindana kwa mizinga, si kwa kugongana vichwa. Gemu ni gemu. Zawadi ya reale 20,000 haiulizi historia.

Kuhusu HMS Fearless na Royal Sovereign, meli mbili za pembe nyingine zinazopigana pamoja, mbinu ni nyingine. Zipunguze zote mbili sawasawa, kwa sababu ukizamisha moja mapema, iliyobaki inapandwa na mori na kuanza kukugonga.