Nsansa ya Oktoba hupandwa mwishoni mwa Februari

Tabora tuna msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza Novemba na kukatika Aprili, mara nyingine zinajikokota hadi mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni ukavu wa miezi sita, na ikifika Agosti kila ndoo ya maji ina mwenyewe. Bustani ya kumwagilia mchicha kila jioni ni nzuri kwa mwenye kisima uani. Kwa wengine wote, mboga ya Septemba na Oktoba inabidi ilimwe mvua ikiwepo, kisha ikaushwe. Ndiyo kazi ya nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa.

Kosa ninaloliona zaidi ni kukausha kunde zinazochumwa Desemba. Majani yapo tele, lakini jua hakuna. Yanakaa kichanjani siku tatu yakiwa na unyevunyevu, yanageuka meusi na kunuka uvundo. Kunde zinazopandwa Novemba ziliwe mbichi. Za kukausha panda upya kati ya mwisho wa Februari na wiki ya kwanza ya Machi, ili uanze kuchuma mwishoni mwa Machi na kuendelea Aprili yote, mvua zikipungua na hewa ikianza kukauka.

Chagua kunde za kienyeji zinazotambaa; zile zinazosimama wima huwahi kuweka maganda na majani yake hukomaa haraka. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 linatosha mistari minne, sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Changanya madebe mawili ya samadi iliyoiva vizuri, kwa sababu kichanga chetu hakishiki maji wala chakula cha mmea. Fukia mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 3 hadi 4, na mashimo yaachane sentimita 15. Wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota unaanza kuchuma. Chukua majani laini ya juu, acha ncha inayochipua, na rudia kila baada ya siku saba hadi kumi.

Kunde zikidumaa na kuwa njano wakati mvua ipo, usikimbilie mbolea. Ng'oa mche mmoja taratibu, suuza mizizi, uitazame. Vinundu vidogo vilivyobandikwa pembeni mwa mzizi, vinavyobanduka kwa kucha na ndani vina rangi ya waridi, ni vizuri: humo wamo bakteria wanaoulisha mmea naitrojeni. Lakini ukiona mzizi wenyewe umevimba kama shanga na uvimbe haubanduki, hiyo ni minyoo fundo, minyoo midogo mno ya udongoni inayoingia mizizini. Kichanga kinaifaa sana, na tumbaku, nyanya, bamia na bilinganya zote huizalisha. Dawa za kawaida za kunyunyizia majani haziifikii. Ng'oa mizizi yote uichome, na msimu unaofuata weka karanga kwenye tuta hilo, maana karanga haishambuliwi sana na minyoo hiyo.

Wadudu mafuta (vidukari) nao wasidharauliwe, kwani ndio wanaosambaza batobato, ugonjwa wa virusi unaoleta mabaka kwenye majani. Wakiwa wachache, wapukutishe kwa maji ya sabuni asubuhi. Mche wenye batobato ng'oa. Na hili nalisema kwa uzito wote: dawa iliyobaki kwenye shamba la tumbaku isiguse mboga, wala maji ya majani ya tumbaku yaliyolowekwa. Nikotini ni sumu, na majani haya ndiyo chakula chenyewe.

Siku ya kukausha, chuma asubuhi umande ukishapukutika. Toa vikonyo vigumu, osha, kisha tumbukiza majani kwa mafungu madogo kwenye maji yanayotokota kwa dakika mbili au tatu. Yakilegea na kuwa kijani kilichokolea, yatoe. Huko kuchemsha kidogo kunazima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi na ladha hata jani likiwa kavu. Magadi usiweke: yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini. Chuja, tandaza tabaka moja kwenye kichanja, na anika kivulini penye upepo, chini ya paa la nyasi au kitambaa chepesi. Juani yanakauka haraka zaidi, lakini jua kali linakula vitamini A, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kula mboga za majani.

Yamekauka pale yanapovunjika kwa mlio ukiyafikicha. Yakijikunja tu bila kuvunjika, bado. Kilo kumi mbichi hubaki kama kilo moja na kidogo. Yaache yapoe kabla ya kufunga, la sivyo joto linageuka matone ndani ya ndoo na ukungu unaanzia hapo. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga, na ichungulie kila mwezi.

Kupika, loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, chemsha mpaka zilainike, ndipo utie karanga zilizosagwa na chumvi. Mafuta ya karanga ndiyo yanayousaidia mwili kuichukua ile vitamini A iliyosalimika, kwa hiyo usibanie karanga. Koroga kwa moto mdogo. Rojo la karanga huungua chini upesi.