Je, wajua kwa nini Volkswagen ya kizamani ikipigwa jeki inakunja miguu ya nyuma?

Juzi niko Tabora mjini, gereji moja ya chini ya mwembe kule Ng'ambo, kuna mzee kaleta Beetle yake, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, kaagiza sivijointi za nyuma (CV joint, vile viungo vinavyoiacha shafti ya tairi izunguke hata ikikunjika) toka Dar, zimekuja na basi na hela keshalipa. Fundi akapiga jeki nyuma, matairi yakaning'inia, kwa chini yamesogeleana kwa juu yameachana, kama miguu ya kuku aliyebebwa kwa mabawa. Wala hakuingia uvunguni, akasema tu, "Mzee wangu, hizi hazina pa kukaa, gari yako haina sivijointi." Mzee akabisha, yake ya 1970 bwana, na kasikia kuanzia 1969 zote zinazo.

Hapo ndo wengi tunapopigwa. Hiyo 1969 ni ya Beetle za kwenda Marekani (za gia nusu otomatiki zilitangulia, modeli ya 1968). Kwingine Beetle ya kawaida iliendelea na ekseli ya zamani, zilizobadilika ni Beetle za modeli ya 1302 ya kuanzia 1970 na 1303 iliyofuata. Kombi nazo zilihama kuanzia Agosti 1967. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari usikutoe jasho, lala chini uangalie mwenyewe.

Na usihangaike na springi, aina zote mbili zinatumia nondo za chuma zinazojinyonga, zimefichwa ndani ya bomba la kukingama mbele ya giaboksi, hazikwambii kitu. We hesabu mipira, ile ya kukunjamana inayofunika viungo vya ekseli. Ekseli ya zamani ina bomba nene linatoka giaboksi mpaka kwenye tairi, shafti inayozungusha tairi iko ndani huioni, na mpira ni mmoja tu kila upande, pale bomba linapoingilia giaboksi. Ukikuta shafti iko wazi, unaona kabisa inavyozunguka, na ina mipira miwili kila upande, mmoja giaboksi mmoja karibu na tairi, hiyo ndo yenye sivijointi, na utaona na mkono wa chuma umekaa mshazari umeishikilia tairi.

Sasa miguu inakunjana kwa nini? Lile bomba lina bawaba moja tu, huku giaboksi, na tairi imefungwa nalo moja kwa moja, kwa hiyo bomba likishuka tairi nayo inalala, haina ujanja, ni sawa na mlango na bawaba yake. Ndo maana hata ukiteremsha jeki gari inabaki imesimama juujuu kama imevaa viatu virefu, mpaka uisukume mbele na nyuma kidogo ndo inakaa. Ukiipakia magunia ya mpunga inageuka, matairi yanaingia kwa juu yanatanuka kwa chini. Ile ya sivijointi inakunjika sehemu mbili, tairi inapanda na kushuka ikiwa imesimama karibu wima.

Na sio suala la sura tu. Ukiingia kona na mwendo alafu katikati ukaachia mafuta ghafla, nyuma inanyanyuka, tairi ya nje inajikunja chini ya gari, unasikia mkia unataka kukupita. Chevrolet Corvair za Marekani, nazo injini nyuma na zinapozwa kwa upepo, zilisemwa sana kwa hilo, modeli za 1960 mpaka 1964, ya 1965 wakaibadilisha.

Mimi hata hivyo ile ya zamani naipenda, vitu vichache vya kufa. Ila ule mpira mmoja usiuchezee, ndani yake ni oili ya giaboksi yenyewe, inatembea kwenye bomba mpaka kwenye bearing ya tairi, ukichanika giaboksi inakauka taratibu wewe unaona vidoa tu chini unapopaki. Kwenye sivijointi kinachotoka ni grisi, utasikia ka-ka-ka kwanza. Mpira wa kubadilishia upo ule uliopasuliwa, unafungwa na vinati vidogo bila kuvua ekseli, na mshono unauweka kwa nyuma, sio chini, chini utavuja tu.

Mzee kafungiwa mpira mpya kaondoka zake. Zile sivijointi bado ziko kwenye boksi, anatafuta mtu mwenye 1303.