Usinyooshe Huo Waya: Dhana Potofu Kuhusu Vipimo vya Kufukiwa Tutani

"Vuta waya unyooke, usiwe na mikunjo." Kauli hii, kuhusu waya wa kipimo (kifaa cha kupimia) kinachofukiwa chini ya tuta la kifusi, nimeisikia mara nyingi kwenye saiti za Dar es Salaam, na naiogopa kuliko kijiko cha ekskaveta. Tuta likijengwa juu ya udongo laini wa mabondeni, kama bonde la Msimbazi pale Jangwani, udongo hubonyea polepole kadiri maji yake yanavyobanwa yatoke, na katikati ya tuta hutitia zaidi kuliko pembeni. Waya uliokazwa huvutika hadi ukakatika chini ya moramu iliyokwisha kushindiliwa, na hakuna atakayekubali tuta lifukuliwe kwa ajili yake. Ulaze ukipindapinda kama nyoka mtaroni, juu ya mchanga uliochekechwa, uufunike kwa mchanga huohuo. Tabaka la kwanza lishindiliwe kwa mashine ndogo. Rola kubwa ingoje.

Wengine hudhani kipimo huanza kazi kikishafukiwa. Sivyo. Pizomita ya waya unaotetema, yaani kipimo cha shinikizo la maji udongoni kinachotumia waya mwembamba ulio ndani yake, inataka usomaji wa mwanzo kabla haijaingia ardhini, pamoja na joto na shinikizo la hewa la saa hiyo. Bila huo, namba zote zinazofuata hazina pa kuanzia. Na jua letu la saa saba mchana si la mchezo: kipimo kilichotoka kwenye bodi la pikapu kikiwa cha moto kitadanganya. Kizamishe kwenye ndoo ya maji kivulini mpaka kitulie, kiinue juu tu ya maji, soma papo hapo. Kichujio chake nacho kijae maji, kisibaki na hewa, maana kiputo huchelewesha majibu, na majibu hayo ndiyo yanayotuambia kama kifusi kingine kimwagwe leo au kisubiri.

Kuunga waya kwa tepu ya umeme? Maji yatapenya. Agiza waya wa kipande kimoja.

Halafu kuna imani kwamba kibandiko kimoja mwishoni mwa waya kinatosha. Weka namba kila baada ya mita chache, urefu wote. Masika moja kijiko kilipita kwenye mtaro wetu. Tulibaki na ncha tano nyeusi, zinafanana kama mapacha, vibandiko vyote vikiwa upande uliong'olewa. Tulizijaribu moja moja kwenye kisomeo, yaani kifaa cha kusomea vipimo, hadi magharibi. Tatu zilijibu. Ipi ilikuwa ya kina kipi, hakuna aliyeweza kusema.