Mwili uko kwenye kemo, ufundi wako hauumwi

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwenye wodi ya saratani hapa Dar, na kitu nachokiona karibu kila wiki ni hiki: mtu akishaambiwa ana kansa, ndugu wanamkusanyia kazi zake zote wanaziweka pembeni. Kwa upendo kabisa yaani. Mwenye duka anaambiwa pumzika mama, duka tutaangalia sisi, fundi anafichwa simu ili wateja wasimsumbue, mwalimu hata ile homuweki ya mtoto wa jirani haletewi tena. Mwezi ukiisha mtu huyo kabakiwa na kazi moja tu, kuumwa. Wageni wakija ni pole, pole, pole, mpaka pole zenyewe zinamchosha. Mimi nasema hata ukiwa kitandani bado unaweza kumfundisha mtu ujuzi wako.

Kuna mzee mmoja fundi wa gereji alikuwa na kansa ya umio, ile njia ya chakula, kawekewa mpira puani wa kulishia na kuongea ni kwa shida sana. Alikuwa anageukia ukutani siku nzima. Sasa vijana wake kule gereji wakakwama na gari, kijana mmoja akapata akili, akarekodi muungurumo wa injini akautuma WhatsApp. Mzee akaweka simu sikioni, akasikiliza, akarudia tena, akanionyesha kwa mkono nimpe kalamu, akaandika: INAMISI. PLAGI YA TATU. Wakafungua, kweli plagi ya tatu imekufa. Kuanzia siku hiyo kila jioni zinaingia sauti za magari, mzee anaandika majibu kwenye daftari la msuli na mjukuu anayapiga picha anatuma, manesi wakaanza kumwita injinia. Uvimbe ulikuwa uko palepale, sitaki kudanganya mtu. Ila sasa kulikuwa na watu wanamsubiri yeye, na hicho ndo kilimfanya ageuke kutoka ukutani.

Hili jambo wenzetu wameshalifanyia tafiti. New York kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa William Breitbart, yuko hospitali ya Memorial Sloan Kettering, yeye alichukua mawazo ya Viktor Frankl, yule daktari wa Austria aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi, akatengeneza tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa kansa iliyosambaa, wanakaa vikao wanaongelea nini bado kinayapa maisha yao maana, na kazi za mikono yao na urithi wanaouacha vimo. Kanada naye Harvey Chochinov alikuja na njia yake, mgonjwa anaulizwa mambo kama majukumu aliyoyabeba maishani na mafunzo ambayo angependa kuyapitisha kwa watu wake, anarekodiwa, inaandikwa, anarudishiwa maandishi awape anaowataka. Utafiti wake uliotoka 2005 ulikuwa na wagonjwa 100 walio karibu na mwisho, na 68 kati yao walisema wamejisikia maisha yao yana kusudi zaidi. Sisi hapa tukiwa na daftari na simu ya mjukuu tumeshafika mbali tu.

Lakini twende na kalenda ya dawa maana hapa ndo watu wanajichoma. Kemo, yaani zile dawa za kuua kansa, nyingi zinatolewa kila baada ya wiki 3. Siku za mwanzo kichefuchefu na uchovu, halafu kama siku ya 7 mpaka ya 14 hivi chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa, hapo kinga ni ndogo, usijaze wanafunzi chumbani na usikae na mtu mwenye mafua, fundisha kwa simu. Wiki ya 3 ndo wengi wanapata nguvu, mambo yako yapange hapo. Kuna dawa nyingine zinatolewa kila wiki, kwa hiyo mpangilio wako muulize nesi wako. Mionzi iko kinyume, wengi wanapigwa Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki 5 au 6, uchovu unajikusanya taratibu, kwa hiyo fanya mwanzoni ukifika mwishoni pumzika. Na homa ikigonga 38 acha darasa nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Halafu jihadhari na deksa! Ile dawa ya kuzuia kutapika mnayopewa siku ya kemo inachangamsha, mtu usiku halali, anapiga simu kuahidi semina, anataka kufungua chuo. Siku mbili tatu baadaye deksa imeisha, hawezi hata kuinua kikombe, anajiona muongo. Nawaambiaga wagonjwa wangu chochote ulichoahidi siku ya deksa hakihesabiki. Ukifundisha, nusu saa inatosha, na andika pointi zako kabla maana kemo inasahaulisha.

Kingine, utaalamu wako ni ule uliokuja nao. Kumwambia mwenzio mpya foleni ya mionzi ikoje na abebe khanga ya kujifunika, sawa, asante sana. Ila ukishaanza kumwambia aache dawa fulani au achemshe majani uliyokunywa wewe, hapo umetoka kwenye ujuzi wako, kansa yake siyo yako na baadhi ya mitishamba inagombana na kemo.

Na kama hutaki kumfundisha mtu yeyote, unataka kulala, lala. Sio mtihani huu.

Nimalizie na mama fundi cherehani, kansa ya titi, keshafanyiwa operesheni na matezi ya kwapani yametolewa, sasa yuko kwenye kemo inayoitwa paclitaxel, vidole vina ganzi, sindano anaishika haisikii. Pasi nilimkataza, na mkono ule ambao matezi yametolewa nikamwambia asiuchomechome, akishika sindano avae kastabini. Kitanda cha jirani kulikuwa na binti kaja kumuuguza mama yake kutoka Kigoma. Mama akawa anakaa kwenye kiti anaelekeza, binti anakata. "Kola usiivute, itakurudia shingoni." Dakika tano baadaye: "Fumua." Binti anafumua. "Tena." Mara ya tatu binti machozi yanamlenga, mama akacheka, mimi nilikuwa sijawahi kumuona anacheka.

Walichokuwa wanashona ni blauzi ya kufungua mbele, vifungo mpaka chini, kwa sababu ukishafanyiwa operesheni ya titi mkono haupandi kuvaa kitu cha kuvutia kichwani. Wagonjwa wengine wakaiona wakaitaka. Kuna ndugu akasema mama afundishe bure apate thawabu, mi nikakataa, nauli za kuja kliniki nani analipa? Sasa binti anachaji elfu nane, kitenge unakuja nacho mwenyewe, na kila blauzi elfu mbili inaenda kwa mwalimu wake.