Protini ghafi: ile namba kwenye mfuko wa chakula cha paka

"Ghafi" hapa si kibichi. Ni kama tunavyosema mafuta ghafi: kitu ambacho bado hakijachambuliwa. Maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni iliyomo kwenye chakula, kisha inazidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Jibu linaandikwa kwenye mfuko.

Sasa, kipimo hicho hakijui naitrojeni imetoka kwenye nyama, kwenye manyoya au kwenye kemikali. Mwaka 2007 huko Marekani vyakula vingi vya mbwa na paka viliondolewa madukani baada ya gluteni, yaani protini ya ngano, kutoka China kukutwa na melamini, kemikali ile ile inayotengenezea zile sahani ngumu za nyumbani. Melamini ina naitrojeni tele, kwa hiyo namba ilipendeza. Wanyama walikufa kwa figo.

Halafu kuna maji, na hapa mtu wa Kigoma hahitaji mwalimu. Asubuhi pale Kibirizi dagaa wabichi wanamwagwa waanikwe, wanang'aa, wazito. Jua likishafanya kazi yake, ndoo iliyokushinda kubeba unainyanyua kwa mkono mmoja. Dagaa ni wale wale, protini ni ile ile. Kilichokwenda ni maji. Ndiyo maana hakuna anayelinganisha bei ya kilo ya wabichi na kilo ya wakavu.

Dukani tunasahau. Chukua kopo lililoandikwa protini 10%, maji 78%, na mfuko wa punje wenye protini 30%, maji 10%. Wengi watashika mfuko. Ondoa maji kwanza: kwenye gramu 100 za kopo zinabaki 22, na 10 kati yake ni protini, yaani kama asilimia 45. Kwenye punje zinabaki 90, protini 30, yaani 33. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa "kwa uzito mkavu".

Namba haisemi pia ni protini ya namna gani. Paka anahitaji taurini, kirutubisho ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea. Taurini imo kwenye nyama na samaki. Kwenye ugali haimo, hata paka akiula mpaka akaramba sahani.